Picha imefika wapi?

Swali: Nimetengeneza mfumo wa wavuti kwa wafugaji wa samaki hapa Kingolwira. Mtandao ukisuasua wakati wa kupandisha picha za mabwawa, wanabonyeza "Tuma" mara mbilimbili. Nitawaonyeshaje picha imefika wapi?

Jibu: Tumia XMLHttpRequest, fetch haikupi taarifa za upandishaji moja kwa moja. Sikiliza tukio la progress kwenye xhr.upload, gawanya loaded kwa total, zidisha kwa 100, kisha jaza thamani hiyo kwenye elementi ya progress yenye max ya 100. Kama lengthComputable ni false, ondoa value: mstari utacheza bila kutaja asilimia. Zima kitufe mara kinapobonyezwa. Asilimia ikifika 100, andika "Inahifadhiwa". "Imepokelewa" isubiri jibu la seva. Zaidi ya yote, punguza picha kwenye simu kabla haijatumwa.