Somo Lililohifadhiwa: Jinsi ya Kulirekodi na Kulirudia

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya (KICD) ilipeleka masomo redioni kupitia KBC, kwenye runinga na YouTube. Kwa mwanafunzi njia hizo hazikuwa sawa. Kipindi cha redio kikishapita kimepita. Aliyetumwa mtoni saa ile alikikosa. Video ilibaki, ila ilihitaji bando.

Julai mwaka huo Telkom Kenya na kampuni ya Loon zilianza kusambaza intaneti kwa maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 angani, na Kakamega ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofikiwa. Januari 2021 Loon ikatangaza kwamba inafunga kazi. Somo lililokuwa limeshapakuliwa kwenye simu halikuathirika.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha mtandaoni ajiulize kwanza: mtoto ambaye hakuwepo leo atalipata wapi somo hili kesho, bila kununua bando la saa nzima?

Jibu rahisi ni sauti. Rekodi ya dakika 30 kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ina ukubwa wa megabaiti 14 hivi. Memori kadi ya gigabaiti 16 hubeba zaidi ya masomo 1,000 ya namna hiyo, na hata simu nyingi za kabambe zenye nafasi ya kadi huyacheza. Video ya mwalimu aliyesimama tu akizungumza ni gharama ya bure. Iachiwe jiometri, majaribio ya sayansi na kazi za mikono.

Gawa somo katika vipande vya dakika kumi, kila kipande kikiwa na mada moja. Kipe jina linaloeleweka: darasa, somo, mada, tarehe. Faili yenye jina la namba tupu haitafutiki baada ya mwezi. Sauti au sura za wanafunzi zikiingia, pata idhini ya wazazi kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai hivyo.

Nawe mwanafunzi, kurudia si kusikiliza mwanzo hadi mwisho ukiwa umelala kitandani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau haraka zaidi saa za mwanzo baada ya kujifunza, na kwamba mazoezi yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Funga daftari, andika unachokumbuka, kisha cheza sehemu iliyokushinda pekee. Fanya hivyo kesho yake, halafu tena baada ya wiki. Mzazi anaweza kusaidia hata kama hakusoma sana: amwambie mtoto asimamishe rekodi na aeleze alichosikia, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani.

Kikatiba, shule za msingi na upili ziko chini ya serikali ya kitaifa; kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi. Katika vyuo hivyo video ina thamani kubwa. Anayejifunza kushona kola au kuchomelea chuma anahitaji kuona mkono wa fundi ukienda polepole, mara tatu au nne. Wakufunzi waweke simu karibu na kazi yenyewe, si usoni mwao, na nakala ibaki kwenye kompyuta ya chuo ili wanafunzi wanakili kwa kadi au flashi bila malipo.