KAA WA MTONI NA PWEZA WA BAHARINI

Watu wa Cheptiret, karibu na Eldoret, wako mbali na bahari. Kutoka huko hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 700. Hata hivyo, katika mito ya nyanda zile za juu yumo ndugu wa wanyama wa baharini, naye ni kaa. Wachungao ng'ombe humwona akijificha chini ya mawe. Wengi humpuuza, lakini kumchunguza kaa kuliwahi kuokoa macho ya watu.

UMBO LA KAA. Kaa hana mifupa ndani ya mwili. Gamba gumu lililo nje ndilo ngao yake, tena ndilo linaloushikilia mwili wake. Ana miguu kumi. Miwili ya mbele ni magando, ya kushikia chakula na kupigania. Gamba halikui, basi kaa akitaka kukua hana budi kulivua. Gamba jipya huwa laini kwa muda, naye hujificha mpaka liwe gumu. Kaa jike hutambulikana kwa mkia wake mpana uliokunjwa chini ya tumbo. Hapo ndipo abebapo mayai yake, na kwa kaa wa mtoni watoto hutoka wakiwa tayari ni kaa wadogo.

UMBO LA PWEZA. Pweza, ambaye wavuvi wa Pwani humtafuta miambani maji yakupwapo, ni kinyume cha kaa. Hana mifupa wala gamba. Sehemu yake ngumu ni mdomo, ulio kama wa kasuku. Kwa hiyo aweza kupenya tundu dogo mno. Ana minyiri minane na mioyo mitatu, na damu yake ni ya rangi ya samawati. Badala ya ngao hutumia hila: hugeuza rangi afanane na jiwe, na akifukuzwa hutoa wino na kukimbia. Naye hupenda sana kula kaa, wala gamba gumu halimzuii.

FAIDA YA KUCHUNGUZA. Zamani, magharibi mwa Kenya, kama vile Kakamega, Kaimosi na Kodera, watu wengi walipatwa na upofu uletwao na vijidudu waingiao mwilini kwa kuumwa na usubi, yaani inzi mdogo akaaye karibu na mito. Wataalamu walitafuta watoto wa usubi huyo juu ya mawe na majani ya mtoni, wasiwaone. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wamewaona: walikuwa wameshikamana na gamba la kaa! Hawamli kaa; humtumia kama nguzo tu, wapate kunasa chakula kiletwacho na maji yaendayo kasi. Mito ilitiwa dawa ya DDT kwa kipimo, na katika mwaka 1958 ilitangazwa kwamba usubi huyo ameangamizwa Kenya.

Yafaa mwalimu awapeleke watoto mtoni wakamtazame kaa, wahesabu miguu yake, waangalie mkia wake, kisha wamrudishe chini ya jiwe lake. Jibu lililotafutwa kwa miaka mingi lilikuwa mgongoni mwa mnyama ambaye kila mchungaji alimjua.