Somo: Kumstahi Maiti na Kuwalinda Walio Hai

Ndugu zangu Waislamu, jueni ya kuwa kumkosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya juu yetu. Wakitimiza baadhi, lawama huwaondokea wote. Wakiacha wote, wote wana dhambi. Basi itakuwaje ikiwa kumkosha huyo maiti kutamuua mkoshaji na watu wa nyumba yake?

Ebola ni maradhi ya kirusi. Hayachukuliwi na upepo. Huingia kwa kugusa damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Na maiti ndiye mwenye hatari zaidi. Aliyeambukizwa hukaa siku 2 hata 21 ndipo augue.

Maradhi haya yalizuka Guinea mwishoni mwa mwaka 2013, yakaingia Liberia na Sierra Leone. Hata yalipokoma mwaka 2016, watu zaidi ya 28,000 walikuwa wamepatwa, na zaidi ya 11,000 wamekufa. Wengi waliyapata mazikoni. Serikali zikatuma watu waliojifunika mwili mzima kuchukua maiti, pasi na dua wala jamaa kuhudhuria. Na huko Monrovia, mwaka 2014, maiti walichomwa moto. Watu wakaficha wagonjwa wao, wakazika kwa siri. Kijijini Womey, katika Guinea, mwezi wa Septemba 2014, watu 8 wa msafara uliokwenda kufundisha habari za maradhi wakauawa.

Tazameni: onyo lilikuwa la kweli, lakini halikuja kwa mashauri, basi halikupokewa.

Kisha njia ikageuzwa. Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani, pamoja na viongozi wa dini, lilitoa mwongozo wa maziko yenye salama na heshima. Maimamu wakaeleza mimbarini. Vijana wa kijiji wakafundishwa kuzika. Jamaa wakasimama mbali kidogo, wakamsalia maiti wao, wakalijua kaburi lake. Wenyeji wakazungukia nyumba za waliogusa wagonjwa kwa siku 21, na waliozuiliwa majumbani wakapelekewa chakula. Hapo watu wakaanza kuwatoa wagonjwa wao.

Huenda mtu akauliza: Je, kuacha kumkosha si kumdharau? Jawabu: La. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maiti asiyewezekana kukoshwa hutayamamishwa. Sharia haikutaka maiti mmoja awavute kumi kaburini.

Na Sayyidna Umar, alipopata habari ya tauni ya Sham, hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, ndipo akarejea Madina.

Ebola imekwisha kuzuka mara nyingi Kongo na Uganda, nazo si mbali nasi. Basi yafaa imamu, mzee wa mtaa, mkosha maiti na tabibu wakae pamoja wapatane leo, kungali salama. Kwani siku ya msiba si siku ya kuanza kujuana.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Amin.