Ufikiaji wa Rekodi katika Kompyuta Kuu: Tatizo la Istilahi "Nasibu" kwa Mfano wa Takwimu za Singida

1.0 Utangulizi

Ubora wa istilahi hupimwa kwa jinsi inavyoibeba dhana, wala si kwa uaminifu wake kwa neno la lugha chanzi. Makala haya yanachunguza njia mbili za kuzifikia rekodi za kompyuta kuu: ufikiaji wa mfuatano na ule ambao, kwa tafsiri ya neno kwa neno, huitwa ufikiaji nasibu. Inadaiwa hapa kwamba istilahi hii ya pili inapotosha.

2.0 Njia Mbili

Utepe wa sumaku, uliotumiwa na kompyuta ya UNIVAC I mwaka 1951, husomwa kwa mfuatano. Ili kuifikia rekodi ya 1,000, sharti rekodi 999 zitangulie kupita. Mwaka 1956 mtambo wa IBM 305 RAMAC ulileta diski, ambayo mkono wake wa kusomea huhamia mahali rekodi ilipo bila kuzisoma zilizotangulia.

3.0 Mfano wa Singida

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 mkoani Singida. Ya mwaka 2022 ilihesabu 2,008,058. Ichukuliwe kwamba kila mtu ana rekodi moja, na kwamba rekodi zimepangwa kwa namba za wilaya, kata, kijiji, kaya na mtu.

Ikitakiwa idadi ya watu wa mkoa mzima kwa umri, kila rekodi haina budi kusomwa. Hapo mfuatano unafaa kabisa. Ikitakiwa rekodi ya mkazi mmoja wa Kiomboi, mfuatano utasoma, kwa wastani, nusu ya faili: takriban rekodi 685,000 za mwaka 2012 au 1,004,000 za mwaka 2022. Kwa diski, faili laweza kugawanywa nusu kwa nusu hadi namba ipatikane. Ulinganishi hauzidi 21 katika sensa zote mbili, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 21 ni 2,097,152.

4.0 Uchambuzi wa Istilahi

Katika Kiswahili, nasibu ni bahati. Katika utafutaji ulioelezwa hapo juu hakuna hatua inayoachiwa bahati. Unasibu wa lugha chanzi umo katika uchaguzi wa rekodi: yoyote yaweza kutakiwa wakati wowote. Haumo katika njia ya kuifikia.

Aidha, taaluma ya takwimu inalitumia neno hilo kwa usahihi katika sampuli nasibu. Mtafiti akisoma kuhusu "faili nasibu la kaya za Singida", aweza kudhani kwamba kaya hizo ziliteuliwa kwa bahati, kumbe faili lina kaya zote. Kosa hilo laweza kuharibu makadirio yake yote.

5.0 Hitimisho

Istilahi "ufikiaji wa moja kwa moja" inaeleza kinachotendeka na kuliachia neno nasibu kazi yake katika takwimu. Faili lililopangwa na kuwekewa faharasa huruhusu njia zote mbili; kwa hiyo ni swali linaloulizwa ndilo linaloamua njia ifaayo.