Mwenye Kungoja Figo na Haki Zake Juu Yetu

 

Mtu ambaye mafigo yake yamekufa kabisa hana ila njia mbili: asafishwe damu kwa mashine, au apandikizwe figo la mtu mwingine. Mgonjwa wa namna hii hapa Bungoma huenda hospitali mara mbili au tatu kila juma, na kila mara hukaa penye mashine kadiri ya saa nne. Maji ya kunywa hupimiwa, na hata ndizi huambiwa asizidishe. Arudipo nyumbani hana nguvu ya jembe wala ya duka. Huishi hivyo miezi, pengine miaka, akingojea kupandikizwa, kazi ambayo hufanywa Eldoret katika Hospitali ya Rufaa ya Moi.

Wako wamwambiao, "Subiri tu." Twasema: kusubiri ni wajibu wake, na kumsaidia ni wajibu wetu. Na wamkokotao kwa mganga wakidai karogwa, hao wampotezea fedha na imani pamoja.

Kwanza, ibada yake isifanywe mzigo. Damu itokayo mkononi haitengui udhu katika madhehebu yetu ya Shafi. Asiyeweza kusimama na asali ameketi. Ama saumu, tabibu muaminifu akimkataza, ruhusa yake i katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184. Akitarajiwa kupona, atalipa baadaye. Asipotarajiwa, atoe kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Pili, figo lenyewe. Aghalabu hutolewa na jamaa aliye hai, na wengine humzuia wakisema ni haramu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jidda mwaka 1988, lilijuzisha kutoa kiungo kwa masharti: mtoaji awe ameridhia, uhai wake usihatarishwe, wala kiungo kisiuzwe. Basi asizuiwe apendaye kutoa, wala asilazimishwe asiyetaka.

Tatu, mali na wakati wetu. Akiwa fakiri, zaka ni haki yake, si hisani. Na iwekwe zamu msikitini kila Ijumaa: huyu atoe nauli, yule afuatane naye hospitali, wa tatu ampalilie mahindi. Hapo ndipo tutakapoweza kumwambia asubiri, nasi tusione haya.