Ujumbe Siyo Pesa

Siku hizi mtu huuza mali kwa simu bila kuonana na mnunuzi. Unapiga picha ya asali yako, unaituma WhatsApp, na mtu wa mbali anaitaka. Biashara hiyo ni nzuri. Lakini wezi nao wameisoma.

Hebu tuchukue mfano. Wewe uko Sikonge, mkoa wa Tabora. Unauza dumu la asali kwa shilingi 180,000. Mnunuzi anapiga simu, anakubali bei bila hata kuomba upunguze. (Mnunuzi wa namna hiyo mtilie mashaka!) Mara ujumbe unaingia: "Umepokea shilingi 280,000." Hujamaliza kuusoma, anapiga tena: "Mama, nimekosea, nimezidisha laki moja. Nirudishie upesi, nina mgonjwa." Nawe kwa huruma unatuma 100,000.

Jioni unatazama salio, yaani pesa zilizomo katika simu. Zile 280,000 hazimo. Ujumbe ule aliuandika yeye mwenyewe. Umerudisha pesa ambazo hukupewa. Na asali, kama umeshaipakia kwenye basi, nayo imekwenda.

Ufanyeje? Tazama salio kwanza. Kwa M-Pesa ya Tanzania bonyeza *150*00#, ufuate maelezo mpaka kwenye salio. Angalia pia ujumbe umetoka wapi. Ukiwa umetoka kwenye namba ya kawaida kama yako, huo siyo wa kampuni ya simu.

Je, kama pesa zimeingia kweli? Hapo ndipo wengi hunaswa. Usizitume wewe. Mwambie aiombe kampuni ya simu izirudishe, nawe usizitumie. Kwa nini? Akiisha kupokea za kwako, anaweza kuiambia kampuni kwamba alikosea namba, nayo ikazikata tena kwenye salio lako. Utakuwa umelipa mara mbili. Mwaminifu atakubali kungoja. Mwizi atakutukana.

Ujumbe wa wizi upeleke kwenye namba 15040. Utaulizwa namba ya aliyeutuma, iandike. Kama umekwisha tuma pesa, pigia kampuni saa ile ile, kisha nenda polisi. Usione haya. Tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao.

MASWALI

1. Kwa nini usirudishe pesa wewe mwenyewe?
2. Asubuhi salio lako lilikuwa 130,000. Ujumbe unasema umepokea 280,000. Salio liwe ngapi? Umetazama, bado ni 130,000. Utamjibu nini mnunuzi?