Kifaa cha Kuongoza Taya

Wako watoto ambao taya la chini hubaki nyuma, na meno ya mbele ya juu yakatokeza hata midomo haifumbi vizuri. Wenzao huwacheka, lakini lililo baya zaidi ni kuwa meno hayo huvunjika upesi mtoto aangukapo.

Mwaka 1977 William Clark, bingwa wa kupanga meno huko Uskoti, alibuni kifaa kiitwacho Twin Block. Ni vipande viwili vya plastiki, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vyenye miteremko. Mtoto akiuma, miteremko hukutana, na taya la chini halina budi kusogea mbele. Huvaliwa mchana na usiku kwa miezi mingi, jambo ambalo naona ladai moyo.

Sharti mtoto awe bado anakua, kama miaka 10 hadi 14, wasichana hutangulia. Mimi mwenye miaka 17 nimekwisha pitwa! Wala taya halirefuki sana kama wengi wadhanivyo: uchunguzi waonyesha kuwa sehemu kubwa ya badiliko ni meno yenyewe kusogea.

Mdogo wangu ana miaka 11 na meno ya namna hiyo. Nimemwandikia baba asingoje, ampeleke akapimwe likizo hii.